Salamu Niliyomnyima Mzee Kombo

Nakumbuka Jumapili moja ya baridi kali, mwanangu, ujana bado unanisumbua. Nilikuwa natoka kwangu Lanham, nje kidogo ya jiji, alfajiri kwenda mjini Washington kuendesha basi dogo la sinagogi moja, nikiwapeleka vijana wa Kiyahudi kugawa supu kwa watu wanaolala nje. Walikuwa na kawaida yao: hawampi mtu bakuli mpaka wachuchumae, wamuulize jina na hali. Mimi nikiwacheka kimoyomoyo. Supu inapoa, ninyi mnapiga soga!

Siku hiyo nilikuwa nazungumza Kiswahili kwenye simu, mlango wa basi uko wazi. Mzee mmoja chini ya daraja akainua kichwa kutoka kwenye mablanketi. "Kijana! Wa wapi wewe? Mimi Kombo, mtu wa Pemba."

Lahaula! Nikakata simu, nikamjibu kwa Kiingereza kwamba simwelewi.

Nilimwelewa vizuri sana. Niliogopa ataniomba pa kulala, nami nina chumba kimoja na godoro moja. Tena niliona haya, Mswahili mwenzangu kulala barabarani mbele ya wageni. Ujinga mtupu. Hujafa hujaumbika, na mkataa kwao ni mtumwa; yote hayo mama alinifundisha, mimi nikayaacha uwanja wa ndege.

Naomi, binti mmoja katika wale vijana, ndiye aliyekaa naye muda mrefu. Jumapili ya pili yake akamwendea tena, nikamsikia kwa masikio yangu akisema, "Shikamoo, babu." Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akajifuta machozi kwa ncha ya blanketi. Mimi nimeshika usukani, nakodoa macho mbele, utadhani kuna foleni.

Naomi alipopanda akasimama kando yangu. "Mzee Kombo amenituma kwako. Anasema hataki kitu chako chochote. Anataka umwamkie tu."

Nikamjibu, "Jumapili ijayo."

Jumapili hiyo nilikwenda na pilau niliyopika mwenyewe. Chini ya daraja pameshafagiliwa, hakuna hata blanketi. Naomi na wenzake walimtafuta wiki baada ya wiki, wakimuulizia kwa jina, nami nikizunguka nao. Hatukumpata, na mpaka leo sijui alikoishia. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea mpaka tumezeeka wote.

Basi sikia, mwanangu. Ukimkuta mtu barabarani, muulize jina kabla hujampa chakula. Akiwa mkubwa wako mwamkie, hata kama mikono yako mitupu. Salamu haimhamishii mtu chumbani kwako. Wala usiseme Jumapili ijayo, kwa sababu si mali yako. Mungu akupe moyo wa yule binti wa Kiyahudi, akukinge na baridi ya nchi za watu, na popote utakapolala uzeeni, asikosekane wa kukwambia shikamoo.