Sikujua Kuanguka

Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Wahenga hao, nadhani, hawakuwahi kucheza mpira Nyamongo wakati wa dhahabu.

Timu yetu ilikuwa ya mnunuzi mmoja wa dhahabu, tajiri aliyependa kuonekana. Alikusanya wachezaji kutoka Tanga, Kigoma, hata ng'ambo ya mpaka pale Sirari, akawapa mishahara, nyumba, na nyama kila siku. Mimi aliniokota kwenye maduara, yale mashimo tunayochimba kwa mikono, baada ya kuniona nikikimbia na kiroba cha mawe mgongoni. Nilikuwa Mkurya pekee kikosini. Waliniita Mura, kwa kuwa ndivyo vijana wa kwetu tunavyoitana, na sidhani kama kuna aliyewahi kuuliza jina langu.

Mbio nilikuwa nazo, shuti nilikuwa nalo. Kilichonishinda ni kujiangusha.

Msicheke. Ile ni kazi, na inafanyiwa mazoezi. Kocha wetu, mzee wa Tanga mwenye maneno laini, alikuwa anatuweka ndani ya kumi na nane na kutufundisha: beki akikugusa acha mguu nyuma, piga yowe, shika kifundo, gaagaa. Beki wetu wa kushoto alikuwa fundi. Unamgusa bega, anashika goti, na machozi yanamtoka ya kweli kabisa, jamani. Zamu yangu ikifika naanguka kama gunia la ulezi, kimya, halafu nainuka najipangusa vumbi. Walicheka mpaka wakakaa chini. Kocha akasema basi angalau nipige yowe. Nikafungua mdomo, halikutoka.

Ningewaelezaje? Kwetu Machochwe, siku ya tohara unasimama wima mbele ya ngariba, ukoo mzima unakutazama usoni, na kope haitakiwi kucheza. Aliyelia siku ile anataniwa mpaka anaota mvi, hata awe na zizi limejaa ng'ombe. Mimi sikulia, na tata, ndivyo tunavyomwita baba, alirudi nyumbani kifua mbele. Leo nilie kwa sababu kiatu cha mtu kimenipapasa? Watu wanasema Wakurya tuna hasira; sikatai. Nilimjibu kocha vibaya mbele ya wote.

Tangu hapo wenzangu wakanikwepa. Walikuwa wanacheza karata barazani, na nikifika mchezo unaisha, kila mtu amekumbuka nguo za kufua. Jioni nilikaa chumbani peke yangu nikisikiliza makarasha yakisaga mawe ng'ambo ya barabara. Nasema wazi, nilikuwa mpweke. Mpweke nyumbani kwetu, mahali ambapo hata mbwa wanabweka Kikurya.

Mechi ya mwisho ya msimu tulihitaji ushindi ili tupande daraja. Kocha aliniita kando. Hakufoka. Alisema tajiri amenichoka: nikiguswa ndani ya kumi na nane nianguke, na nisipoanguka nirudi shimoni. Nililijua shimo. Kifusi kilikuwa kimemla kaka yangu humo humo, na sikutaka kurudi. Nikamwahidi kocha kwamba safari hii nitaanguka, na nilikuwa nasema kweli.

Tulipoingia uwanjani nikamwona tata. Hakuwa ameniarifu. Alikuwa hajawahi kuniona nikicheza, na sasa alisimama nyuma ya kamba na koti lake la kanisani, fimbo mkononi.

Dakika za mwisho bado hakuna bao. Nikapata mpira, nikampita mmoja, nikaingia ndani ya kumi na nane. Beki wao akaja na miguu yote miwili. Nilisikia mfupa. Nasema nilisikia, kwa masikio haya. Wenzangu wakapaza sauti nilale, nilale, na benchi zima likasimama. Macho yangu yakaenda kwenye kamba. Tata alikuwa ananitazama usoni.

Nikabaki wima. Nikausukuma mpira kwa mguu uliobaki, ukamfikia kipa polepole, akauokota. Refa akapunga mkono mchezo uendelee, na simlaumu. Mtu aliyesimama amechezewa rafu gani? Filimbi ya mwisho ikalia hivyo hivyo. Wenzangu walinipita mmoja mmoja wakienda kuvua viatu, na beki wa kushoto akatema mate chini. Nilikuwa bado nimesimama pale pale, naogopa kupiga hatua.

Hospitali walisema mfupa umekatika vibaya na nitachechemea. Ndivyo ninavyotembea mpaka leo. Kutoka kikosini hakuja mtu, ila tajiri alimtuma kijana wake kuchukua jezi. Tata alikaa pembeni ya kitanda siku nzima, na mimi nikasubiri. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake, kwamba ameniona. Timu nilikuwa nimeitoa, mguu nimeutoa, kwa ajili ya neno hilo.

Jua lilipopungua aliweka fimbo chini, akaugusa mguu uliofungwa plasta, taratibu, kwa ncha za vidole.

"Mwanangu," akasema, "wenzako wote nimewaona wakilala. Wewe nani alikukataza?"

Nikageuza uso ukutani.

"Hakuna mtu, tata."

Akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kuulizia gari la kuturudisha Machochwe.