Jumamosi Nitatangulia Mimi

Enzi zetu hakuna mtu aliyepanda mlima kwa kupenda. Mlima ulipandwa kwa sababu ng'ombe wamevuka, au kuni zimekwisha huku chini, au Bibi yuko upande wa pili anawasubiri. Leo wadogo zangu wawili, Masanja na Limi, wiki nzima wanapanga jinsi tutakavyoupanda mlima ule ule Jumamosi hii, eti kwa matembezi. Wamefungua grupu la Wasap. Humo kuna habari za viatu, habari za kofia, habari za mafuta ya kujipaka ili jua lisitubabue, sisi tuliokulia juani. Nami huku Nyasubi, kibandani kwangu, nikisonga ugali wa wateja wangu wa mchana, nasoma kila ujumbe mara mbili.

Kwetu ni vijijini Geita, chini ya kilima kirefu chenye mgongo kama wa ng'ombe aliyelala. Njia ilipanda taratibu, ikifika juu ikaufuata ule mgongo mpaka inapoteremkia kwa Bibi, mama yake mama. Baba alifukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu, Limi akiwa bado ananyonya. Baadaye mama akaugua, akatuacha nikiwa darasa la tano. Nikaacha shule mwaka ule ule. Kengele yake ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na kila asubuhi niliisikia nikiwa mtoni na madumu yangu, nikajua wenzangu wako mstarini wanakaguliwa kucha. Tulibaki kwenye nyumba yetu, baba mdogo akitutupia jicho, na kila Jumamosi tulivuka mgongo kwenda kwa Bibi kuchukua chakula.

Safari zile sijazisahau. Miguuni katambuga, vile viatu vya tairi visivyokubali kuchakaa hata mtoto avichukie vipi. Mfukoni matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama kokoto. Unaweka kimoja shavuni mnapoanza kupanda, mkifika juu ndiyo kwanza kinalainika. Vijana wa sasa wanabeba biskuti na juisi za boksi, na bado wanahema wakipanda ngazi za benki. Masanja alisukuma gari lake la waya mlima mzima. Kwenye mawe alilibeba mikononi kama mgonjwa, na akichoka yeye alituambia tusimame, gari limechemsha. Juu kule upepo ulinuka majani mabichi na moshi. Upande mmoja uliona mabati ya Geita yakimetameta, upande wa pili ua wa miti ya minyaa wa Bibi, mdogo kama pete.

Lakini mgongo ule ulikuwa na maduara. Wachimbaji walijaribu hapa na pale, wakikosa wakahama, shimo wakaliacha wazi. Mvua ikinyesha, majani yanaota mpaka mdomoni, hulioni tena. Ndiyo maana Bibi alituwekea sheria. Mwenye mwendo wa pole atangulie, wengine wafuate mwendo wake, asiachwe mtu. Mkubwa awe wa mwisho. Na huyo mkubwa kila mara aite, "Mpo?", nao wajibu, "Tupo."

Basi Limi alitangulia, Masanja katikati, mimi nyuma, macho yangu kwenye visigino vyao. Mpaka leo nikionyeshwa visigino vya Limi katikati ya mnada wa ng'ombe nitavitambua.

Asubuhi moja ya masika ukungu ulitushukia juu kule. Nikaita, "Mpo?" Ikajibu sauti moja. Masanja akageuka kunitazama, na mbele yake hapakuwa na mtu. Nilimwambia ashike mti na asiuachie hata akisikia nini. Nikavunja tawi, nikawa napapasa nalo majani kabla ya kila hatua, nikiita jina la mdogo wangu. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, kafuata kanga, wale ndege wa madoadoa. Duara lilikuwa hapo hapo miguuni pake, jeusi, linatoa baridi kama mdomo wa mtungi.

"Mbona huitiki?" nikamuuliza, nimemkamata mkono kwa nguvu.

Akatafuna kwanza, akameza. "Nilikuwa na kiazi mdomoni, Dada."

Tulipofika, Bibi alikuwa kasimama penye minyaa kama kila Jumamosi, na kabla ya kupokea shikamoo zetu akauliza lile lile la siku zote, akiniita mama kwa lugha ya kwetu. "Mayo, wamefika wote?" Nikajibu, "Wote, Bibi." Sikuongeza neno, na Limi naye alinyamaza. Kwa jibu hilo nimeishi miaka yote hii. Wamesoma, wamepata kazi, Masanja ana duka la vipuri Geita, Limi ni mwalimu kule Tinde. Wamefika wote. Bibi mwenyewe sasa yuko kaburini pale pale penye minyaa, na huko ndiko wanakotaka twende kwa miguu, sote watatu.

Jana niliwapigia, tukaunganishwa wote kwenye simu moja. "Hiyo njia mmeikagua?" nikauliza.

"Nimeipita juzi na mchunga ng'ombe wa kule," Masanja akasema. "Maduara yamezibwa kwa miiba, na njia ni pana. Siku hizi pikipiki zinapita, Dada."

"Mvua ikinyesha Ijumaa hatuendi."

"Sawa."

"Na kanga wakitokea?"

"Dada, shikamoo," Limi akaingilia, anacheka. "Mimi nina darasa zima la watoto. Kanga nimeshawaacha."

"Marahaba. Haya, mimi nitakuwa nyuma kama kawaida."

Masanja akamwambia Limi, "Haya, mwambie wewe." Nikajua wameshalizungumza bila mimi.

"Goti lako linaendeleaje?" Limi akauliza.

"Lipo."

"Lipo vipi?"

"Linauma kidogo nikiteremka."

"Basi kati yetu nani mwenye mwendo wa pole?"

"Sheria ya Bibi hiyo," Masanja akadakia. "Usije ukaigeuza leo kwa vile imekuangukia wewe."

"Utatangulia wewe, Dada," Limi akasema. "Nyuma nitakaa mimi."

Mteja mmoja akaniambia, "Mama, maharage yanaungua." Nikayaepua. Yalikuwa yameshashika chini.

Hofu yangu sasa haiko kwenye mashimo peke yake. Mbele sitaona kisigino cha mtu. Nitakuwa na njia tu, na mgongo wangu ukitazamwa na watu niliozoea kuwatazama mimi. Enzi zile tulikuwa na katambuga na gari la waya, na mwenye hofu alikuwa mmoja, waliobaki walicheza. Sasa tuna viatu vizuri na simu zenye ramani, na naona hofu imegawanywa sawasawa, kila mmoja kachukua fungu lake. Sijui kama nimelipenda hilo. Nilikuwa nimeizoea yote iwe yangu.

Asubuhi hii, nikisugua sufuria, nilijaribu kulitamka neno ambalo sikuwahi kuulizwa. Nipo. Lilitoka dogo, hata jirani yangu wa vitumbua hakugeuka. Itabidi nilikaze, maana Limi asiposikia atavunja tawi aanze kupapasa majani. Matobolwa nimeshaanika, yako juu ya bati. Nitawapa yao watafune njiani. Yangu yatakaa mfukoni mpaka penye minyaa, nisije nikaitwa nikiwa na kiazi mdomoni.