Kitoweo cha Bi Kijakazi

Semeni wa Chumbageni si mtu mbaya. Hilo tukubaliane kwanza, maana wapo wenye midomo pale mtaani wanaosema alimnyima mama yake kitoweo kwa ubahili. Uongo mtupu! Alimnyima kwa mapenzi, na ndiyo maana mpaka leo jambo lile linamtafuna.

Mama yake, Bi Kijakazi, alizaliwa Moa, akaolewa mjini, akauza samaki wa kukaanga hadi mgongo ulipokataa. Semeni kakuzwa kwa changu na tasi wa mama yake. Uzeeni Bi Kijakazi akaanza kusahau: kwanza birika jikoni, kisha njia ya kwenda kwa nduguze, kisha majina ya wajukuu. Watu wakasema karogwa. Semeni akakataa, akampeleka kwa watafiti waliokuja zahanati kuwapima wazee kumbukumbu.

Daktari wao, binti mpole aitwaye Yudith, alimweleza Semeni vizuri. "Mama, huu ni ugonjwa, si uchawi. Kwenye ubongo kuna protini zinazojikusanya na kuganda, kama ukoko chini ya sufuria. Ndizo tunazozichunguza. Dawa ya kumponya bado haijapatikana."

Jamani, hapo ndipo neno moja lilipoharibu. Protini! Semeni hakusoma sana, lakini la darasani analikumbuka: protini ni samaki, maharage, mayai na maziwa. Mtu aliyekula samaki maisha yake yote, protini zitakosaje kumjaa kichwani? Si angeuliza pale pale! Kuuliza si ujinga. Akaona haya, akaaga.

Tangu siku hiyo Bi Kijakazi akawa mtu wa ugali na mchicha. Mchana mchicha, jioni mchicha.

"Semeni mwanangu, leo hakuna kitoweo?"

"Hakuna, mama. Bahari imechafuka."

Kesho yake anauliza tena. Alisahau mengi yule mama, kitoweo hakukisahau. Siku moja akajipenyeza jikoni kwa jirani yao Saleha, akachukua kipande cha samaki. Semeni akamkuta, akampokonya hadi cha mdomoni, akamfokea mbele za watu kama mtoto. "Nimekukataza! Ukila tena utaniona!"

Bi Kijakazi akalia. Semeni naye akaenda kulia uani, kisha akajipa moyo kwamba dawa chungu ndiyo iponyayo.

Miezi ikapita, Yudith akarudi kuwaona wazee wake. "Shikamoo, bibi," akasema, akamshika Bi Kijakazi mkono, akashtuka. "Mbona amekonda hivi?"

"Nimemfungia protini zote, daktari," Semeni akajibu kwa fahari.

Yudith alimvuta Semeni kando. Kisha akaeleza taratibu kwamba zile protini za ubongoni mwili wenyewe ndio unaozitengeneza, hazitoki kwenye sahani ya samaki. Jina moja, mambo mbalimbali. "Mpe samaki, mama. Mwili wake unamhitaji."

Masikini Semeni! Alikwenda sokoni kanga upande, akarudi na changu mnono, akamkaanga kama alivyofundishwa na mama yake mwenyewe. Akamchambua miba kwa vidole, akaweka sahani mkekani.

Bi Kijakazi akanusa, uso ukamchangamka. Mkono ukaenda, ukarudi. Akaisukuma sahani.

"Siwezi, mama wee. Mwanangu kanikataza."

"Mama, mie ndiye Semeni. Kula."

Akamtazama, asimjue. "Ahsante, wewe mwema. Semeni mkali. Akinikuta atanipokonya."

Semeni aliapa, akabembeleza, akataja na jina la marehemu baba yake. Wapi! Mwishowe akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Semeni kasafiri, mama. Kaenda Moa. Leo harudi."

"Kweli?"

"Kweli, mama. Hayupo."

Ndipo Bi Kijakazi akala, haraka haraka, macho yakiwa mlangoni.