Kanda Zenye Mikwaruzo

Dada mtu alikuwa fundi cherehani, na kwa ile sauti yake watu walimbatiza Parapanda. Mdogo wake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Jioni, baada ya kazi, walijifungia kwenye chumba cha kufulia cha shangazi yao, yeye na gitaa, mdogo wake na ngoma, wakapiga panki: muziki wa mbio na makelele, usiojua kubembeleza mtu. Walirekodi kwa redio kaseti kuukuu iliyokaa juu ya ndoo. Basi kila wimbo ulikuwa na mikwaruzo, na mmoja ulimnasa shangazi akiuliza nani kachukua sabuni. Kanda zilipendwa hivyo hivyo, zikapita mkono kwa mkono.

Ndipo kampuni moja ya soda ikataka kuwadhamini: studio ya kisasa, safari, nembo ya soda kwenye kila kanda, na kiwimbo cha kuitangaza soda ambacho wangekiimba wao. Mdogo mtu akafurahi ajabu. Cheche za kazi zilikuwa zimeanza kumsumbua macho, akaona hapa ndipo pa kutokea. Dada yake hakutaka hata kusikia. Alisema ukishavalishwa fulana na mtu, utaimba anachotaka yeye. Marafiki nao wakagawanyika. Wengine wakawaita wasaliti kabla hawajasaini chochote, wengine wakauliza tangu lini njaa ikawa heshima. Mwishowe ndugu wakanuniana, wakawa wanasalimiana kupitia kwa shangazi.

Parapanda akakosa raha. Bendi angeweza kuunda nyingine, lakini mdogo wake alikuwa huyo huyo mmoja. Akameza maneno yake, akamwambia atasaini.

Ofisini, afisa masoko, mtu mpole kwa kweli, aliwaambia amewaandalia zawadi: wimbo wao, umesafishwa. Akabonyeza kitufe. Mikwaruzo hakuna, shangazi hayupo, ngoma zimenyooshwa zikawa kama saa ya ukutani. Parapanda aliikodolea macho sakafu. Alikuwa amejiapiza kutofungua mdomo.

"Nani anapiga ngoma hapo?" mdogo wake akauliza.

"Ni wewe," afisa akajibu. "Tumerekebisha kidogo tu pale ulipoyumba."

"Mimi huwa nayumba makusudi."

Akashukuru kwa adabu, akasimama. Afisa akamgeukia dada mtu. Dada mtu akachukua mkoba wake.

Kwenye ngazi mdogo mtu akasita. "Dada, ungesaini kweli?"

"Ningesaini."

"Na kile kiwimbo?"

"Ningekiimba, huku nakulaani."

Akacheka mpaka akakaa chini, na Parapanda akakaa kando yake, kifua kikiwa chepesi kama cha mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kesho yake alimburuta kwa daktari wa macho. Macho yalikuwa salama. Kilichotakiwa ni kinyago kizuri cha kuchomelea, na kukivaa.

Udhamini ulikwenda kwa bendi nyingine, ikavuma. Parapanda hakuisema vibaya hata siku moja. Aliinunua kanda yao, akaisikiliza huku anashona, akakiri kwamba wimbo wa tatu ni mzuri.