Nyayo za Askari wa Kushoto

Kama hujawahi kukaa kwenye jumba la sinema ukisikiliza kikohozi cha watu wengine, basi hujui moyo kwenda mbio ni nini. Mimi nilikaa hivyo pale Glendale, California, Desemba ya mwaka thelathini na tisa, nimebanwa kati ya Thelma Haugen na mlango wa dharura, na mpaka leo naisimulia kwa raha.

Lakini nianze na Thelma mwenyewe, maana bila yeye sina cha kusimulia. Alikuwa mkaguzi katika studio yetu ya katuni. Sisi tuliitwa wasichana wa rangi, ingawa yeye alikuwa anakaribia arobaini na mimi, Lupe Arriaga, nilikuwa na watoto watatu nyumbani. Kutwa tulivaa glavu nyeupe, tukipaka rangi michoro iliyokuwa kwenye karatasi angavu za plastiki, zinazoonyesha kilicho chini yake. Theluji ya uwanjani ina karatasi yake, nyayo zina yake, watu wana yao, na zote hupangwa moja juu ya nyingine ndipo zipigwe picha. Kuzipanga ndiyo kazi ya Thelma. Akishalifunga furushi la karatasi kwa utepe, hakuna aliyethubutu kulifungua tena. Watu wa kamera walipiga picha bila kuuliza, kwa kuwa ni Thelma. Alikuwa mrefu, mtu wa Minnesota, mchoyo wa maneno utadhani anayanunua. Nilisema mimi kwa niaba yetu sote wawili.

Mwaka huo tulitengeneza katuni ya Krismasi, na ilikuwa hivi. Watoto wa vijiji viwili vinavyopakana wanajenga mtu wa theluji katikati ya uwanja. Vita vinakuja, watoto wanahamishwa, majeshi yanachimba mahandaki huku na huku, na mtu wa theluji anabaki katikati na pua yake ya karoti. Mkesha wa Krismasi upepo unamvua kofia. Askari mmoja anatoka kushoto aje kumvika, mwingine anatoka kulia na skafu. Wanakutana pale, vijana wabichi, wanachekeana. Halafu filimbi za makamanda zinalia pande zote mbili, risasi zinafuata, na vijana wote wawili wanaanguka.

Aliyeitunga ni Emmett Riggs, ambaye alipigana Ufaransa katika vile vita vya kwanza na mapafu yake yakaharibiwa na gesi. Alikohoa asubuhi, alikohoa akila, alikohoa akicheka. Tulimpenda wote. Thelma alimwendea akamwomba jambo moja, kama mtoto anayeomba pipi: azichore yeye zile nyayo za askari. Haikuwa kazi yake, lakini Riggs alimkubalia.

Nikamchungulia begani.

"Dada, huyu wa kushoto vipi? Mguu mmoja unakwenda California, mwingine unakwenda New York."

"Kuna watu wanatembea hivyo."

"Wakishalewa."

"Hajalewa, Lupe. Paka rangi zako."

Akacheka, na hilo lilikuwa jambo la kuandikwa gazetini. Nilijua kwamba kaka yake, Arvid, aliuawa Ufaransa mwaka wa kumi na nane, hata kaburi halijulikani. Aliniambia mara moja tu, mdomo umejaa mkate. Aliniambia pia kwamba mama yao, anayeishi naye, hajalitaja jina la Arvid tangu siku ile. Nikaelewa kwa nini katuni hii imemshika roho. Kulikuwa tena na vita Ulaya, redio haisemi jingine, na Thelma alitaka watu waone hilo moja tu: vijana wawili wamekwenda na hawakurudi.

Basi akaingia Bwana Tolliver, mwenye studio, akaona michoro ya mwisho akageuka mwekundu.

"Krismasi hii, Riggs. Watu watakuja na watoto na bisi zao. Hafi mtu kwenye filamu yangu ya Krismasi."

"Ndivyo vita vilivyo, bosi. Wanakufa hata Krismasi."

"Wakafie gazetini. Mimi nataka hivi: wamvike kofia, theluji ianguke, uwanja uwe mweupe safi, kengele zilie, watu waende nyumbani."

"Na askari wako wapi?"

"Wamerudi kwao. Nani asiyejua kwamba wamerudi kwao?"

Karatasi zetu hazitupwi, huoshwa zitumike tena. Siku hiyohiyo wale vijana wanaoanguka walipelekwa kwenye sinki. Thelma alisimama akiangalia rangi ya makoti yao ikizunguka kwenye maji na kuingia shimoni. "Wamerudi kwao wapi?" aliniuliza. Nilikasirika hadi nikavunja brashi.

Baada ya hapo ni kukimbizana tu. Mwisho mpya ulipangwa haraka haraka, Thelma analala kwenye kiti, macho mekundu, anafunga mafurushi na kuyapeleka juu kwa kamera. Filamu ilitoka kusafishwa jioni ileile ya onyesho ikaenda Glendale moja kwa moja, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona.

Desturi ya Tolliver ilikuwa hii: anaipenyeza katuni kabla ya filamu nyingine, watazamaji hawana habari, naye anaketi nyuma kabisa kusikiliza. Mtu anayeburudika hakohoi, alisema. Ukisikia vikohozi viwili vitatu, hapo ndipo unapokata. Kwa sababu hiyo Riggs alipigwa marufuku kuingia. Maskini alibaki uchochoroni, nyuma ya mlango wa dharura, mikono mfukoni.

Taa zikazimwa. Watu walikuja kwa ajili ya filamu ya makauboi, wakaona mtu wa theluji, wakapiga makofi. Walicheka ndege alipodonoa karoti. Nikawa naruka kitini, nambana Thelma mbavu: wanacheka, unaona, wanacheka. Askari wakatoka, kofia ikavikwa, skafu ikafungwa. Theluji ikaanza kuanguka, nene, mpaka huoni kitu. Ikapungua. Akabaki mtu wa theluji peke yake uwanjani.

Na nyayo.

Thelma alinishika mkono kucha zikaingia. "Nimeisahau," alisema. "Karatasi ya nyayo. Sikuitoa."

Kweli, zilikuwepo. Mstari mmoja kutoka kushoto, mmoja kutoka kulia, yote miwili inaishia miguuni pa mtu wa theluji. Hakuna hata unyayo mmoja wa kurudi. Kengele zinalia za furaha, na zile nyayo zimekaa pale kila mtu anaziona.

Jumba lote lilinyamaza, hata bisi hazikutafunwa. Mtoto mmoja mbele akauliza, wala hakupaza sauti, "Baba, mbona hawajarudi?" Kengele zikaisha, pakawa kimya kabisa, na katika kimya hicho tukasikia kikohozi kimoja. Kilitoka nje, nyuma ya mlango, uchochoroni. Kilikuwa cha Riggs.

Tolliver alitukuta kando ya barabara, kofia mkononi.

"Nani amefunga furushi la mwisho?"

"Mimi," Thelma akasema.

"Unajua ulichofanya?"

"Nimeacha karatasi ya nyayo ndani. Usingizi, Bwana Tolliver. Kosa ni langu."

"Jumatatu ipigwe upya, uwanja uwe safi."

Nilidhani atasema ndiyo bwana, kama siku zote. Thelma akajikaza, akamtazama usoni.

"Ipigwe. Ila kama wamerudi kwao, mtafute mtu azichore na nyayo za kurudi. Mimi sizichori, na furushi hilo silifungi. Kaka yangu hakurudi, nami sitawaambia watoto wa watu kwamba amerudi."

Ningeweza kumbusu mbele ya abiria wote wa tramu iliyokuwa ikipita. Tolliver akamgeukia Riggs, aliyekuwa ametoka uchochoroni na leso mdomoni.

"Unajua nimesikia vikohozi vingapi mle?"

"Sikuwemo, bosi. Ulinifukuza."

"Kimoja. Chako." Akavaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. "Iacheni hivyohivyo. Na wewe, Haugen, ukirudia kosa kama hilo nakufukuza kazi."

"Sirudii," Thelma akasema.

Alipokata kona tu tulishikana tukarukaruka pale njiani, wanawake wazima, na Riggs akacheka mpaka akakaa chini kwa kukohoa.

Siku ya Krismasi Thelma alimleta mama yake sinema, Mama Ragna, kikongwe mkimya kuliko bintiye. Mimi nilikuja na tamale za moto, zile za unga wa mahindi na nyama, ndani ya mkoba. Nilimwonya Thelma kwamba labda si vizuri, mama atavunjika moyo mbele za watu. Akasema hata yeye anaogopa, lakini twende.

Mama Ragna hakucheka ndege alipodonoa karoti. Hakutikisika askari walipokutana. Theluji ilipopungua na nyayo zikabaki, aliinama mbele mpaka paji la uso likakaribia kugusa kiti cha mbele. Akanyoosha kidole kwenye zile za kushoto, zenye mguu mmoja uliopinda nje.

"Thelma," alisema, "huyu ni Arvid."

Thelma aliitikia kwa kichwa.

"Kila siku nilimwambia, Arvid, nyoosha huo mguu, unamaliza viatu. Kila siku. Hata siku ile kwenye treni, nilipokuwa namuaga, nilimwambia hilohilo."

Akaanza kutusimulia habari za Arvid palepale: viatu alivyomaliza, ng'ombe aliyempa jina la mwalimu wake, alivyoimba vibaya kanisani kwa makusudi. Makauboi walishaanza kufyatuliana risasi kwenye pazia la sinema, watu wa nyuma wanatunyamazisha, mhudumu anatumulika kwa tochi, na Mama Ragna anaendelea tu, Arvid hivi, Arvid vile, tamale mkononi. Hatukumnyamazisha.