Swichi ya breki ya marehemu mwanangu, na mafuta yangu ya nazi

Asalaam aleikum wakuu. Mimi ni bibi wa Mji wa Kale, Mombasa. Darasa la tatu sikumaliza, makosa ya kuandika mnivumilie. Haya nimeyapitia mwenyewe, siongezi wala sipunguzi.

Mwanangu wa mwisho, Abdalla, alikuwa mtu wa boda. Pikipiki ikilala ukumbini kwetu.

Sasa, huku hewa ya bahari yala chuma, hata misumari ya mlango haiachi. Basi kila nikimaliza kuswali alfajiri nalikuwa nikichukua kitambaa na mafuta ya nazi, naipaka pikipiki yote. Na ile springi ndogo kando ya kanyagio la breki, mguu wa kulia, naitilia zaidi, maana ndiyo ikishika kutu.

Sikutumwa na mtu. Nikiona namtunza mwanangu.

Miezi miwili nyuma, Abdalla aligongwa kwa nyuma na tuktuk pale Tononoka, mchana kweupe. Hospitali hakufika.

Dereva, jina lake Kazungu, alikuja mwenyewe kwenye hitima, akakaa chini mbele yangu analia. "Bibi, taa yake nyekundu ilikuwa yawaka tangu nilipoanza kumfuata. Haikuzima. Sikujua saa ngapi ameshika breki."

Nikamsamehe. Ya taa sikuyatia maanani.

Mke wa Abdalla, Zuhura, yuko edani, hatoki. Akasema pikipiki apewe Twalibu, kakake yeye Zuhura, afanyie kazi. Nikasema sawa, lakini hapo maneno ya Kazungu yakanirudia: haendi kazini na taa mbovu. Twalibu akaisukuma hadi kwa fundi Mbwana, Tudor, nami nikafuata.

Mbwana akachomoa plagi, akaifungua swichi ya breki ya nyuma, ile ivutwayo na springi niliyokuwa nikiipaka. Ile pini ya ndani, ambayo yafaa irudi ukiachia breki ili taa izime, ilikuwa imeganda kwa mchanga na kitu cheusi kama lami. Akanusa kidole.

"Nani alikuwa akikaangia samaki humu?"

Twalibu akacheka. Mimi nikasema, "Ni mimi, mwanangu."

Mbwana akafuta kidole. Akafunga swichi mpya, akakaza nati kidogo kidogo mpaka ukikanyaga taa yawaka, ukiachia yazima. Akasema, "Mama, huenda haikuwa hiyo sababu." Hakuniangalia.

Siku tatu nilikaa nayo peke yangu. Ya nne nikaingia chumbani kwa Zuhura, nikamwambia yote. Nikangoja anifukuze.

Akanishika mkono. "Mama, alikuwa akijua. Kila siku akishapinda kona alikuwa akisimama ayafute mafuta yako kwa tambara. Akisema, mwache mama, ndiyo raha yake."

Nikamuuliza, na siku ile?

"Siku ile tambara nililifua. Lilikuwa kambani."

Nami nikamshika mkono wake, mpaka adhana ya alasiri.

Wakuu, swichi ya breki haitaki mafuta ya jikoni. Kabla hujatoka, kanyaga, geuka utazame taa, achia, utazame tena.

Na mama yako akikosea, mwambie. Mimi ningenuna siku mbili, ya tatu ningeacha.

Nanyi, mwawaficha nini mama zenu kwa kuwaonea huruma? Andikeni hapa. Nasoma polepole, lakini jina la mtu silisahau.