Walimu wangu wote wamenipa jibu moja

Leo nimeshindwa na walimu wangu mwenyewe.

Masomo yangu ya uongozi kule chuoni Mbarara yanataka niwaulize, mmoja mmoja, mimi mkuu wao wa shule ninakosea wapi.

Wa kwanza akaingia ofisini: "Madame, unatuongoza muzuri. Tunashukuru."

Wa pili, maneno hayohayo. Wa tatu pia.

Nikachungulia nje. Wako kwenye benchi, wanafundishana jibu.

Jamani, hapa kambini Nakivale nani hajapita intavyu ya wakimbizi? Mnaitwa mmoja mmoja, na majibu ya familia yasipofanana, faili inakwama.

Wa mwisho alipomaliza akaniuliza kwa sauti ya chini: "Madame, nimejibu sawa na benzangu?"

Nikamwambia ndiyo.

Kesho profesa anangoja ripoti yangu. Nyinyi mungeandika nini?